Kitambaa cha Kompyuta

Kompyuta ya Mulwa ilizima tena jioni ile, katikati ya vita. Nzisa, aliyekuwa jikoni akikoroga ndengu, alitabasamu peke yake, kisha akaufuta uso haraka na kuvaa ule wa huruma. Alijua kinachofuata. Kwanza ukelele: "Ai! Ai! Wee!" Halafu kiti kikasukumwa nyuma kwa hasira. Halafu Mulwa mwenyewe akatokea mlangoni, hedifoni shingoni, macho mekundu, mtu mzima na ndevu zake anayekaribia kulia.

"Imezima tena," alisema.

"Woi! Tena?"

"Tena! Na vile tulikuwa tunawapiga! Nimeacha vijana wangu huko wanachinjwa bila kapteni."

"Pole, babe. Osha mikono tu, chakula iko tayari."

Mulwa akanawa, akaketi, akala. Alikula kwanza kwa kununa, kisha kwa njaa, na alipofika sahani ya pili alikuwa amesahau vita. Akamsimulia Nzisa habari za bosi wake kule kwenye ofisi ya bima mjini, aliyesinzia mbele ya wateja mpaka miwani ikamdondokea ndani ya chai. Nzisa alicheka hadi akashika ubavu. Huyu ndiye mwanamume aliyemwoa. Alikuwa anatoka mle chumbani kila kompyuta ilipozima, na asipozimiwa hatoki.

Sasa, usimhukumu Nzisa kabla hujamsikia. Mulwa hakuwa mume mbaya. Hanywi, hazururi, mshahara wake unajulikana unapoingia na unapotoka. Majirani wa mtaa wa Woodley walimwambia Nzisa ashukuru Mungu, na alishukuru. Lakini mume aliye ndani ya nyumba na hayupo anachosha kuliko yule aliye baa, maana yule wa baa angalau unaweza kumpigia simu. Mulwa alifika nyumbani saa kumi na mbili, akasalimia, akaingia chumba kile kidogo cha nyuma, akavaa hedifoni, akazama kwenye gemu, kwisha habari yake. Ukimwita anasema, "Nipe dakika tano." Ukimweleza jambo anasema, "Mm." Nzisa alikuwa akila na televisheni. Alimtaka mumewe jioni, hilo tu, na angemtaka hata awe na story za kuchosha.

Siri yenyewe ilianza kwa bahati, na aliyeileta alikuwa mama mkwe.

Mama Mulwa, wa kule Mwala, alikuwa mwanamke wa vitambaa. Mikono yake haikujua kukaa bure. Hata kanisani, mahubiri yakirefuka, sindano ya kufumia ilitoka kwenye mkoba. Katika nyumba ya mwanawe hakuna kitu kilichokuwa uchi. Televisheni ilikuwa na kitambaa, redio ilikuwa na kitambaa, friji, maikrowevu, mtungi wa maji, migongo ya viti vyote na mikono yake. Kuna kimoja cha rangi ya waridi kilichovikwa simu ya mezani ambayo waya wake ulikatwa zamani. Na ole wako ukikitoa. Kitambaa cha mama mkwe ni kama picha yake ukutani. Ukikiondoa, umemwondoa yeye.

Basi baada ya Pasaka Mama Mulwa alikuja kutembea, akachungulia chumba cha nyuma, akaiona ile kompyuta. Ilikuwa sanduku kubwa jeusi juu ya stuli, ubavu mmoja wa kioo, taa zikibadilika kijani na zambarau kama ukumbi wa harusi. Akashika kiuno.

"Kitu ya maana namna hii, na mmeiacha tu hivyo? Vumbi iingie?"

Safari iliyofuata akaja nacho. Hakikuwa kitambaa cha mchezo. Alikifuma kwa uzi wa sweta, rangi ya maziwa, akakishonea bitana ya satini ndani kwa sababu kompyuta si redio, ni kitu cha heshima. Kiliufunika mgongo wa sanduku, kikashuka mbele na nyuma. Juu yake akaweka chupa ya maua ya plastiki. Mulwa akasema asante mwaitu, kama Mkamba yeyote aliyelelewa vizuri anavyomwambia mamake, akavaa hedifoni zake. Hata nusu saa haikufika. Kompyuta ikafanya *tik*, giza.

Nzisa aligundua sababu kesho yake, alipokuwa akipangusa vumbi huku mumewe akijaribu tena kucheza. Aliinua kile kitambaa na hewa ya moto ikampiga usoni, kama amefunua sufuria. Akakirudisha polepole. Akasimama pale na kitambaa cha vumbi mkononi, akifikiri. Halafu akakinyoosha vizuri pembe zote, akaisogeza ile chupa ya maua katikati, akaenda kuweka chai. Chai haijachemka Mulwa akatoka, akaketi jikoni juu ya ndoo iliyofunikwa, wakaongea mpaka wakasahau kula.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Na Nzisa, mwanamke wa sala, mtu wa maabara ya hospitali huko Parklands, mtu anayerudisha hata kalamu ya kazini, akaona kumbe wizi una utamu wake.

Utauliza, huyu Mulwa ni kipofu? Si kipofu. Amezaliwa kwenye nyumba ya vitambaa. Kitambaa kwake si kitu kilichowekwa juu ya kitu. Kitambaa ni sehemu ya kitu, kama rangi yake. Kila alipobeba mashine kuipeleka kwa fundi alikitoa, akakitupa kitandani bila kukitazama, na kila aliporudi Nzisa alikirudisha, naye hakumwona akikirudisha.

Fundi wake alikuwa Munir, kijana wa Ngara mwenye asili ya Mombasa, ambaye alikuwa na kibanda cha kioo ghorofani kule barabara ya Luthuli, mjini. Ndiye aliyeiunga ile kompyuta kipande kwa kipande, na wateja wake karibu wote walikuwa wachezaji kama Mulwa. Walijuana, walikuwa na grupu lao la WhatsApp, na neno la mmoja lilifika kwa wote. Jumamosi moja Nzisa akamsindikiza mumewe huko, kwa sababu dhamiri ilikuwa imeanza kumkwaruza kidogo na alitaka kujua kama anaharibu mali.

"Karibu, shemeji," Munir alimpa kiti chake mwenyewe. "Huyu prosesa ndiye ubongo wa mashine. Ukimpa kazi nzito, apata joto. Hili dude la chuma lililomkalia linalinyonya lile joto, na feni zinalipuliza nje. Sasa joto likikosa njia, mashine yajizima yenyewe."

"Inaharibika?"

"Aah, wapi. Yajikinga tu isiungue."

Nzisa akashusha pumzi. Mungu ni mwema.

Munir alikuwa amefanya kila kitu anachofanya fundi. Alipuliza vumbi. Alipangusa ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na chuma, akapaka mpya. Alibadilisha feni kubwa bila kudai kitu. Kisha akaiwasha pale dukani, akaipa gemu zito kuliko yote, ikacheza mchana kutwa bila hata kukohoa. Akakuna kichwa.

"Hapa yaenda vizuri. Nyumbani yazima. Mulwa, hebu niambie ukweli. Huko kwako waifunika na kitu?"

"Aa-a," Mulwa alisema, kwa moyo safi kabisa. "Niifunike na nini? Iko tu hivyo kwa stuli."

Nzisa aliangalia dari. Kulikuwa na mjusi pale juu, akamtazama kwa makini sana.

"Ukutani je? Imebanwa?"

"Iko mbali na ukuta. Hewa mingi. Hata dirisha nafungua."

"Basi mimi sijui," Munir alisema kwa unyonge, na Nzisa akamwonea huruma. Huyu ndiye aliyewatumia tende kila Ramadhani, pakiti nzima, na mkewe Laila akaongeza maandazi. Njia nzima ya kurudi nyumbani Nzisa alijiambia atasema. Atasema leo. Lakini jioni ile mashine ikazima, Mulwa akatoka, akamsaidia kuchambua sukuma wiki huku akiiga sauti ya bosi wake, na Nzisa akaahirisha.

Mambo yakaharibika wiki iliyofuata. Mulwa alitoka chumbani safari hii bila kelele, na ukimya wake ulikuwa mbaya zaidi. Hakunawa hata mikono.

"Nimejua shida," alisema. "Ni Munir. Ameniwekea prosesa feki."

"Munir? Hapana, Munir hawezi."

"Utamjuaje? Dukani anaiwekea ujanja fulani inafanya, ikifika hapa inakufa. Jumapili nimemwambia akuje hapa mwenyewe. Akae, aone. Ikizima mbele yake, naandika kwa grupu. Nawaambia wote, huyu jamaa ni mkora, msinunue kwake hata waya."

"Mulwa! Utamwulia biashara."

"Si yeye ameua mashine yangu?"

Usiku huo Nzisa hakupata usingizi mzuri. Alijua vile grupu lile lilivyo. Neno likiingia huko halitoki. Na angefanya nini? Akisema, atamwokoa Munir na atampoteza Mulwa, si kwa talaka, bali kwa hedifoni, na safari hii milele, kwa sababu mashine itakuwa haizimi tena. Halafu kuna aibu yenyewe. Utamwambiaje mtu kwamba umekuwa ukimzimia kompyuta kwa kitambaa cha mamake? Akageuka huku, akageuka kule. Mwishowe akapata mpango aliouona ni wa akili sana. Jumapili atakificha kitambaa. Mashine itacheza vizuri mbele ya Munir, Munir atatoka na jina lake safi, na baadaye, polepole, labda wiki mbili hivi zikipita, kitambaa kitarudi. Nani atajua?

Alichosahau ni kwamba Jumatatu Mama Mulwa alikuwa na miadi ya macho hospitalini. Jumamosi jioni mama mkwe akashuka mlangoni na kuku wawili, maembe, na mkoba wake wa kufumia.

Jumapili walienda kanisani, na Mama Mulwa akabaki huko kwa mkutano wa kina mama. Nzisa akawahi nyumbani, akakitia kitambaa cha rangi ya maziwa chini kabisa ya ndoo ya nguo chafu, akarundika mashuka juu yake. Munir alifika baada ya swala ya alasiri, na begi la vifaa na kisanduku cha halua. Alikuwa mpole kama kawaida, lakini Nzisa aliona namna alivyoshika lile begi, kwa mikono miwili, kama mtu aliyeitwa kituoni.

"Cheza," alimwambia Mulwa. "Mimi nakaa hapa."

Mulwa akacheza. Munir akaweka namba ndogo pembeni ya kioo cha skrini, zile za kupima joto la prosesa. Sitini. Sitini na mbili. Zikapanda kidogo, zikashuka kidogo, zikatulia. Nzisa akaleta chai. Robo saa, nusu saa, saa nzima. Mulwa alikuwa akipiga maadui huku na huku, na kila dakika akitazama zile namba kwa mashaka.

"Haizimi," alisema mwishowe, karibu kwa masikitiko.

"Haizimi," Munir alisema, na rangi ikamrudia usoni. Akachukua halua kipande kikubwa. Nzisa akaketi, akajipongeza kimoyomoyo. Ilikuwa imekwisha. Mulwa alikuwa ameshafungua mdomo, labda hata aombe radhi, ndipo mlango wa mbele ukagongwa na sauti ikaingia kabla ya mwenyewe.

"Hodi humu! Mkutano wa leo ulikuwa na maneno!"

Munir akainuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kaa. Wewe ndio fundi? Umepewa chai?" Halafu Mama Mulwa akasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, akitazama stuli. "Nzisa."

"Ndiyo, mama."

"Kitambaa kiko wapi?"

"Nili... nilikifua, mama."

"Leo? Jumapili? Mgeni anakuja na unaacha kitu uchi mbele yake, kama nyumba haina mama?"

"Mama, acha tu, wanafanya kazi."

"Nani amesema wasifanye? Bahati yako mimi sitembei mikono mitupu."

Akafungua mkoba. Nzisa aliona kitu cha buluu kikitoka, na kikaendelea kutoka. Mama mkwe alikuwa amefuma kingine. Hiki kilikuwa kizito kuliko cha kwanza, nyuzi mbili mbili, bitana mbili, na mbele kimedariziwa jina MULWA kwa herufi nyekundu. Mama Mulwa akapita mbele ya mgeni, akakitandaza juu ya sanduku, akakivuta mbele, akakivuta nyuma, akakipiga makofi mawili kikae sawa. Mulwa alisogeza kichwa kidogo ili aone kioo.

"Asante, mwaitu," alisema, akaendelea kucheza.

Kikombe cha Munir kilisimama nusu ya njia. Alikitazama kile kitambaa. Akatazama namba. Sabini na moja. Akamtazama Mulwa, aliyekuwa akipigana kwa raha zake. Kisha, polepole, akamgeukia Nzisa, na Nzisa akajua kwamba amejulikana.

Munir angesema nini? Yuko kwa watu, mama mtu mzima ameleta kazi ya mikono yake kwa furaha, halua yake bado iko mezani. Akakaza macho kwenye kioo. Themanini. Themanini na sita. Nzisa alijaribu. Alisema, "Mulwa, si uache sasa, tumeona iko sawa," na Mulwa akasema, "Nipe dakika tano." Tisini na tatu. Zile feni zilianza kulia kama nzi waliofungiwa kwenye chupa. Mama Mulwa akasifu mlio, akasema mashine inaonekana ina nguvu.

*Tik.* Giza.

"UMEONA?" Mulwa aliruka juu, kiti kikaanguka. "Umeona, Munir? Umeona kwa macho yako? Prosesa feki! Ulikuwa umeiroga mwanzoni ikaenda, sasa imekataa! Mimi nilikuwa namtetea huyu mtu!" Tayari simu ilikuwa mkononi, kidole kikitafuta grupu.

"Mulwa, ndugu yangu," Munir alisema, kwa upole wa mtu aliyejizuia sana. "Kabla hujaandika. Weka mkono hapo juu."

"Wapi?"

"Hapo. Juu ya jina lako."

Mulwa akaweka mkono, akautoa haraka. Akauweka tena. Akaushika ule mpindo wa buluu, akauinua, moto ukampiga. Nzisa alimtazama akikiona kile kitambaa kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Ilikuwa kama kuona mtoto mchanga akigundua mkono wake. Halafu uso ukageuka, na ukageukia pahali pabaya.

"Mwaitu," alisema. "Kumbe ni wewe? Miezi yote hii ni wewe unaniulia mashine na hivi vitambaa vyako? Kila kitu lazima kivalishwe? Kwani hii nyumba ni ya maonyesho?"

Mama Mulwa alisimama pale na mkoba wake wazi. Kisha akakitoa kile cha buluu, akakikunja mara mbili, akakitia mkobani. Akaenda sebuleni. Akatoa cha televisheni, akakikunja. Akatoa cha redio. Akaenda kwenye friji.

"Sikujua vinasumbua," alisema, bila kumtazama mtu. "Mngesema tu. Mimi nilikuwa nafikiria vumbi."

Hapo Nzisa alishindwa. Unaweza kumficha mume, unaweza hata kumwacha fundi ajitetee, lakini kumwona mama mtu akikusanya miaka yake kutoka migongoni mwa viti, hapana.

"Mama, wacha. Si wewe." Akamshika mkono. "Mulwa, mwache mama. Ni mimi. Mama alikiweka siku ya kwanza tu. Siku zingine zote ni mimi, na nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua nini?"

"Kwamba inazima."

Mulwa alimtazama kama anayesikia lugha ngeni. "Nzisa. Tumebeba hii kitu kwenda mjini na kurudi. Nimemtukana Munir. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ikizima unatoka."

Munir akagundua kitu cha muhimu sana ndani ya kikombe chake, akakichungulia.

"Si ungeniambia tu?" Mulwa alisema. Sauti yake ilikuwa imeumia kweli, na Nzisa akaumia pia, lakini hakunyamaza. "Ungeniambia, Nzisa. Mimi ni mtu wa kuambiwa."

"Nimekuambia mara ngapi? Ulikuwa umevaa hizo vitu za masikio. Mwezi wa tatu nilikuja hapa, nikasimama hapo hapo ulipo. Nilikuwa nimekimbia kutoka steji ya matatu, hata viatu sijavua. Nikakuambia nimefanywa msimamizi wa maabara. Mimi, Nzisa, maabara yote. Unajua ulisema nini?"

Mulwa hakujua.

"Ulisema, 'Sawa, iweke kwa friji.'"

Mulwa aliinamisha kichwa. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Nilidhani ni maziwa," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua ulidhani ni maziwa."

Mama Mulwa alikuwa bado ameshika kitambaa cha friji. Akakirudisha juu ya friji, akakinyoosha. Akarudisha cha redio. Akarudi mlangoni mwa chumba cha nyuma, akamtazama mwanawe kuanzia kichwani hadi kwenye soksi, halafu akamtazama mkaza mwanawe.

"Hebu ngoja nielewe," alisema. "Ukiweka kitambaa, hii inazima."

"Ndiyo, mama."

"Ikizima, huyu anatoka."

"Ndiyo."

"Anakula? Anaongea?"

"Anaongea sana, mama. Hata anachambua sukuma."

"Na inachukua muda gani?"

"Kile cha kwanza, kama nusu saa. Hiki cha leo," Nzisa alisema, na kicheko kikaanza kumtoroka bila ruhusa, "hiki ni kikali zaidi."

Mama Mulwa akakubali kwa kichwa kama fundi aliyeletewa kazi anayoiweza. Akatoa kile cha buluu mkobani. Akapiga magoti mbele ya stuli, polepole kwa sababu ya magoti yake, akaanza kulipima lile sanduku kwa shubiri, kutoka juu kwenda chini, kisha ubavuni.

"Ni fupi," alisema. "Niliogopa uzi hautatosha. Nitaongeza kifike mpaka chini. Na wewe, fundi, acha hiyo chai kidogo. Njoo unionyeshe. Hewa inaingilia wapi kwingine?"

Munir aliweka kikombe chini. Alimtazama Mulwa, aliyekuwa bado ameshika simu iliyofunguliwa kwenye grupu, kidole hewani. Kisha akachukua tochi yake ndogo kwenye begi, akapiga magoti karibu na Mama Mulwa.

"Huku nyuma, mama," alisema kwa heshima zote. "Na hapa chini kuna tundu kubwa, watu wengi hulisahau."

"Haiya!" Mama Mulwa alisema. "Shika huo uzi hapo."

Nzisa alikuwa anacheka huku machozi yakimtoka, na hakujua chozi lipi ni la kicheko na lipi la kilio. Mulwa akaizima simu yake. Akaziondoa hedifoni shingoni, akaziweka mezani, akaja akasimama karibu na mkewe kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Hiyo maabara," alisema. "Uko na watu wangapi chini yako?"

Nzisa akajipangusa kwa kiganja. "Sita. Na kuna mmoja, Mulwa, huyo ni mtu wa ajabu. Siku ya kwanza alinifungia stoo."

"Alikufungia? Kwa nini?"

Nzisa akavuta pumzi ili aanze mwanzo kabisa. Nyuma yao lile sanduku likafanya krrr, kama kabati la chuma linafunguliwa, na Mulwa akageuza shingo haraka.

"Wewe!" Mama Mulwa alimkemea kutoka sakafuni, bila hata kuinua macho kutoka kwenye shubiri yake. "Sikiliza mke wako. Haya ya huku ni yetu na fundi."